Injini ijivutie hewa au isukumiwe? Turbo, supachaja na njia ya tatu kwa gari la spoti

Kila gramu moja ya petroli inataka karibu gramu 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Kuongeza petroli ni kazi nyepesi: weka injekta kubwa, weka pampu yenye nguvu, yamekwisha. Hewa ndiyo ngumu. Injini ikiwa kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, pistoni hushuka kutoka juu hadi chini kwa milisekunde 5, na ndani ya muda huo silinda inatakiwa iwe imejaa kupitia valvu iliyofunguka milimita kama kumi tu. Mtu anayetaka kuongeza nguvu ya gari lake la spoti, ajue asijue, anachonunua ni hewa.

Anaweza kuipata kwa njia tatu. Ya kwanza ni kuiacha injini ijivutie hewa yenyewe, ila kuifungulia njia: manifoldi na ekzosi bora, kamshafti (mhimili unaofungua valvu) kali, silinda hedi iliyochongwa, kompresheni ya juu (kiasi ambacho silinda hubana mchanganyiko wa hewa na petroli kabla haujawaka), hata ujazo mkubwa zaidi wa injini. Ya pili ni supachaja, pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda kutoka kwenye krenkshafti, mhimili mkuu wa injini. Ya tatu ni turbo, pampu inayozungushwa na moshi unaotoka. Mbili za mwisho zinasukuma hewa, hazisubiri injini ivute.

Wengi huchagua kwa kutazama namba moja, nguvu farasi za juu kabisa kwenye karatasi ya mashine ya kupimia. Namba hiyo gari huifikia kwa nukta chache kabla ya kubadili gia, kisha linaiacha. Mimi naona maswali yenye uzito zaidi ni mengine: nguvu inakuja lini baada ya mguu kushuka, na injini inaweza kuitoa kwa muda gani kabla joto halijaishinda. Kwa hiyo nitazipima njia zote tatu kwa mambo manne: kiasi cha nguvu, namna inavyofika, joto na uhai wa injini, na vitu vinavyolazimika kubadilishwa pamoja nayo. Baada ya hapo tutaangalia nani anafaa wapi.

Nguvu kiasi gani

Hewa inayotuzunguka ina presha ya takriban bar 1 usawa wa bahari. Injini inayojivutia haina msaada mwingine zaidi ya huo, na ndiyo maana torki yake, yaani nguvu ya kuzungusha inayopimwa kwa Nm, ina dari. Injini nyingi nzuri za petroli hutoa kama Nm 100 kwa kila lita ya ujazo, na zile zilizotengenezwa kwa ustadi wa hali ya juu huzidi hapo kidogo. Ferrari 458 Italia, injini ya lita 4.5 isiyo na turbo, ilitoa Nm 540, yaani Nm 120 kwa lita. Iliyoifuata mwaka 2015, 488 GTB, ilikuwa na lita 3.9 na turbo mbili, ikatoa Nm 760, karibu Nm 195 kwa lita. Ikiwa wahandisi wa Ferrari waliishia kwenye 120, kamshafti ya kununua dukani haitakupeleka mbali zaidi.

Torki ikiwa na dari, mwenye injini inayojivutia amebaki na milango miwili: kuizungusha haraka zaidi au kuipa ujazo mkubwa zaidi. Honda S2000 ilitumia mlango wa kwanza. Injini yake ya lita 2 ilikuwa na torki ya kawaida tu, Nm 208, lakini ilipanda hadi mizunguko 9,000, na huko juu ndiko nguvu farasi zake karibu 250 zilikotoka. Toyota ilitumia mlango wa pili. GT86 ya lita 2.0 ilikuwa na bonde kwenye torki, katikati ya mizunguko 3,000 na 5,000 hivi, na watu waliomba turbo miaka nenda miaka rudi. GR86 ilipokuja, ikaja na lita 2.4 bila turbo: torki ikapanda kutoka Nm 205 hadi 250, na kilele chake kikashuka kutoka mizunguko zaidi ya 6,000 hadi 3,700. Bonde likafukiwa.

Kwa gari ambalo tayari unalo, manifoldi, ekzosi na kupanga upya kompyuta ya injini mara nyingi huleta asilimia 5 hadi 10. Ukifungua injini ukaweka kamshafti, pistoni za kompresheni ya juu na kuchonga silinda hedi, unaweza kufika asilimia 20 au zaidi kidogo, kwa fedha nyingi. Mengi hutegemea kiwanda kilikuachia nini. Kwenye S2000 kilikuachia makombo. Kwenye GT86 ya kwanza, manifoldi nzuri pamoja na kutyuni (huko kupanga upya kompyuta) huondoa sehemu kubwa ya lile bonde, na dereva huhisi badiliko hilo kuliko namba zinavyoonyesha.

Supachaja yenye presha ya bar 0.5 huipa injini bar 1.5 badala ya moja. Kwenye hesabu kavu hiyo ni nusu nzima ya ziada. Toa joto, toa nguvu ambayo mkanda unaila, unabaki na kama theluthi. Turbo kwa presha hiyohiyo hutoa zaidi kidogo, kwa kuwa inaendeshwa na moshi ambao ungepotea, ingawa si ya bure kabisa kama inavyosemwa: inauziba moshi kidogo njiani na injini inausukuma kwa shida zaidi. Faida yake kubwa ni kwamba presha inaweza kupandishwa tena baadaye. Kinachoweka mpaka hapo ni chuma cha ndani ya injini. Turbo yenyewe huwa bado ina nafasi.

Wanaoishi nyanda za juu waongeze hesabu nyingine. Mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, presha ya hewa imeshuka kwa zaidi ya moja ya tano, na injini inayojivutia inapoteza nguvu kwa kiasi kama hicho. Supachaja inapoteza pia, kwa kuwa mkanda wake unazunguka kasi ileile bila kujali mahali. Turbo inaweza kuzunguka haraka zaidi na kufidia, mradi haijafika mwisho wa uwezo wake. Kwa dereva wa milimani jambo hili peke yake linaweza kumaliza mjadala.

Inakuja lini

Fikiria kona ndefu ya kushoto, gia ya tatu, mizunguko 3,500. Breki umeshaiachia, gari limelalia matairi ya kulia, na unaanza kukanyaga mafuta kidogokidogo huku ukinyoosha usukani. Kwenye injini inayojivutia, mguu ukishuka sentimita moja, gari linaongeza kiasi hichohicho, papo hapo. Ukirudisha mguu, nalo linarudi. Unaweza kurekebisha mstari wa gari kwa kidole gumba cha mguu.

Sasa weka turbo kubwa kwenye gari hilohilo. Unakanyaga, gari limetulia. Unakanyaga zaidi. Nusu sekunde baadaye presha inajaa na torki uliyoiomba mara mbili inafika kwa mkupuo mmoja, wakati matairi ya nyuma bado yana kazi ya kushikilia kona. Mkia unatoka. Porsche 911 Turbo ya 1975 ilipata sifa yake ya kutisha kwa sababu hii hasa, na injini yake kuwa nyuma kabisa ya ekseli iliongeza hatari.

Haki itendeke, lakini. Kuchelewa kwa turbo kunatokana na ukubwa uliochagua. Turbo ndogo hujaa mapema; ile 488 inatoa torki yake yote kwenye mizunguko 3,000 tu. Tatizo la ndogo ni kwamba huishiwa pumzi juu: unapokaribia mstari mwekundu, mwisho wa mizunguko inayoruhusiwa, gari linaanza kuchoka badala ya kulia. Mtu akikuuzia turbo kwa kukuambia itafikisha nguvu farasi ngapi, muulize presha inajaa kwenye mizunguko mingapi. Asipokuwa na jibu, hajakuchagulia turbo; amekuchagulia namba.

Supachaja imekaa katikati, na hapa lazima utofautishe aina. Zile za Roots na za parafujo pacha, zenye rota mbili zinazozunguka pamoja, husukuma hewa ya kiasi kilekile kila zinapozunguka, kwa hiyo torki ipo tangu mizunguko 2,000. Gari linakuwa kama limeongezewa lita moja ya injini. Zile za sentrifuga zina umbo la nusu ya turbo, na presha yake hupanda pamoja na mizunguko: chini hakuna kitu, juu kabisa ndiko kuna kila kitu. Tabia yake inafanana sana na injini inayojivutia, ila yenye hasira zaidi mwishoni. Watu wengi hununua moja wakidhani wananunua nyingine.

Kuna na sauti, na siwezi kuipita kana kwamba ni pambo. Mwaka 2016 Porsche iliziondoa silinda sita kwenye Boxster na Cayman, ikaweka nne zenye turbo. Torki iliongezeka, muda wa kumaliza mzunguko mmoja wa uwanja ulipungua, na bado wapenzi wengi wa magari hayo walilalamika kwamba roho imetoka. Mwaka 2019 na 2020 silinda sita za lita 4.0 zisizo na turbo zikarudi kwenye matoleo yake ya GT4 na GTS. Turbo imekaa katikati ya bomba la moshi, kwa hiyo inameza sauti. Ikiwa unaamka asubuhi mapema ya siku ya mapumziko kwa ajili ya kusikia injini ikipanda hadi mizunguko 8,000, jiambie ukweli huo kabla hujatoa fedha.

Joto na uhai wa injini

Hewa ikibanwa hupata joto. Chukua hewa ya nyuzi 25, ibane kwa presha ya ziada ya bar 0.7 kwa kompresa nzuri tu: inatoka ikiwa na nyuzi kama 95. Hewa ya moto ni nyepesi, na mbaya zaidi, huifanya petroli iwake yenyewe kabla ya wakati. Huko ndiko injini inakogonga. Kwa hiyo panahitajika intakula, rejeta ya kupoza hewa kabla haijaingia, na petroli yenye oktani ya kutosha.

Nimewahi kushika pistoni iliyotolewa kwenye injini ya lita 2 iliyofungwa turbo bila kubadilishwa chochote ndani. Kichwa chake kilikuwa kizima, rangi ya majivu. Ubavuni, kati ya ringi ya kwanza na ya pili, ukingo ulikuwa umemeguka kipande cha ukubwa wa ukucha, na mahali pa mmeguko palimetameta kama kigae kipya. Mwenye gari hakusikia kishindo. Alisikia kitu kama mchanga unaotikiswa ndani ya kopo alipokanyaga mafuta mlimani, akaendelea, kisha akaona oili inapungua. Injini yake ilitoka kiwandani na kompresheni ya 11 kwa 1, bila wazo lolote la kusukumiwa hewa.

Toyota walipoitengeneza injini yao ya 2JZ kwa namna mbili, ile isiyo na turbo walianza kuipa kompresheni ya 10 kwa 1, na yenye turbo 8.5 kwa 1, pamoja na vipuli vya kumwagia oili sehemu ya chini ya pistoni ili zipoe. Kiwanda kilibadilisha ndani kwanza. Oldsmobile walijaribu njia ya mkato mwaka 1962: Jetfire ilikuwa na turbo juu ya kompresheni ya 10.25 kwa 1, na ili isigonge ilinyunyiziwa mchanganyiko wa maji na methanoli kutoka kwenye tangi dogo. Wenye magari walisahau kujaza tangi, na turbo nyingi ziliishia kung'olewa. Somo la gari lile bado liko hai: kinga inayotegemea kumbukumbu ya mtu si kinga.

Turbo ina joto lake la pekee, kwa sababu moshi unaoizungusha unaweza kuzidi nyuzi 900, na mhimili wake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika juu ya utando mwembamba wa oili. Oili chafu huiua upesi kuliko inavyoiua injini. Supachaja haiguswi na moshi, kwa hiyo chumba cha injini hakiungui hivyo, lakini ile ya Roots ikizungushwa kwa presha kubwa hupasha hewa vibaya. Ukiendesha mizunguko kumi mfululizo uwanjani, utaona kompyuta ikipunguza nguvu ili kuiokoa injini. Gari lililokuwa la haraka asubuhi linakuwa la kawaida saa sita.

Msidhani njia ya kujivutia haina gharama kwa chuma. Nguvu inayovuta konrodi (chuma kinachounganisha pistoni na krenkshafti) pistoni inapogeuka juu hukua kwa mraba wa mizunguko. Kutoka 7,000 hadi 8,000 unaona ongezeko dogo; konrodi inaona mzigo wa asilimia 31 zaidi. Mazda walipopandisha MX-5 ya lita 2.0 kutoka mizunguko 6,800 hadi 7,500, na nguvu farasi kutoka 160 hadi 184, walizipunguza uzito pistoni na konrodi. Anayepandisha mstari mwekundu kwa kompyuta peke yake amekopa kwenye bolti za konrodi, na springi za valvu zitamdai pia. Tofauti ni kwamba joto lake ni dogo, na injini iliyojengwa vizuri kwa njia hii hurudia mzunguko wa kumi kama ilivyofanya wa kwanza.

Vinavyofuata nyuma

Hapa ni pafupi lakini ndipo mifuko inapotobokea. Njia ya kujivutia unaweza kuigawa: ekzosi mwaka huu, kamshafti mwaka ujao, na gari linaendelea kutembea. Turbo na supachaja hazigawanyiki. Siku unapofunga, siku hiyohiyo unahitaji injekta, pampu ya petroli, intakula, plagi za baridi zaidi, na mtu anayejua kupanga kompyuta kwa kutazama mchanganyiko wa hewa na petroli kwa kipimo cha uhakika. Kisha klachi inaanza kuteleza, kwa sababu torki ndiyo inayoila. Baadaye giaboksi. Breki na rejeta navyo vinaanza kuonekana vidogo.

Supachaja huwa rahisi kidogo kuifunga kwa kuwa haigusi ekzosi. Turbo inahitaji manifoldi mpya, mabomba ya oili na mara nyingi ya maji, na kinga za joto kwa kila waya ulio karibu. Sheria za kelele, moshi na bima nazo hutofautiana nchi kwa nchi, zikague kabla ya kununua bolti ya kwanza.

Nani achague nini

Kama gari lako ni jepesi, injini yake ilitengenezwa ipende mizunguko ya juu, na raha yako iko kwenye kona na kwenye sauti, baki na injini inayojivutia. Anza na matairi, breki na kutyuni vizuri, ndipo manifoldi. Ukihitaji zaidi, fikiria kuhamishia injini kubwa zaidi. Mara nyingi ni nafuu na ya kutegemewa kuliko kuikamua ndogo hadi tone la mwisho. Wanaokimbia mizunguko mingi uwanjani wako kundi hili pia, kwa sababu ya joto. Porsche 911 GT3 bado inatumia lita 4.0 zisizo na turbo na mizunguko 9,000, na gari hilo ni la uwanjani kuliko mengi.

Kama unaliendesha kila siku, unataka gari liitike chini bila kusubiri, na theluthi ya ziada inakutosha, supachaja ya Roots au ya parafujo yenye presha ndogo itakufaa. Ukiipenda tabia ya injini yako ilivyo na unataka tu iwe kali zaidi juu, chagua ya sentrifuga. Ukijua moyoni kwamba baada ya mwaka utataka zaidi tena, usiingie huku, kwa sababu supachaja hufika mwisho wake mapema na utaifungua uweke turbo kwa gharama mara mbili.

Kama unaishi juu milimani, kama unakimbia barabara iliyonyooka, au gari lako lilitoka kiwandani na turbo tayari, turbo ndiyo njia yenye mantiki. Kwa lililotoka nayo, kupanga upya kompyuta na kuweka intakula kubwa huleta nguvu nyingi kwa fedha kidogo kuliko chochote kilichotajwa hapa. Kwa lisilotoka nayo, chagua ndogo kuliko unavyoitamani, anza na presha ya bar 0.4 au 0.5, na tenga fedha za pistoni na konrodi imara zaidi, zilizofuliwa kama mhunzi afuavyo chuma, kabla ya kupandisha.

Na kama injini yako imeshatembea sana na hujui hali yake, pima kompresheni ya kila silinda kabla ya kuchagua lolote kati ya haya. Silinda moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, fedha uliyotenga kwa ajili ya turbo ina kazi nyingine ya kufanya kwanza.